Penseli ya Kijani ya Jenerali von Trossen

Jenerali Egbert von Trossen aliposhushwa na lori la viazi mbele ya nyumba ya Rosine Knapp, mwezi wa Machi mwaka 1947, alikuwa na sanduku moja, jozi mbili za buti, na kidevu alichokiinua juu kana kwamba lori lile lilikuwa la gwaride. Ofisi ya makazi ya mji wa Hüllingen ilikuwa imempa chumba cha ghorofa ya pili. Mashamba yake yote yalibaki mashariki, mikononi mwa Warusi. Rosine hakuulizwa kama anataka mpangaji. Siku hizo mwenye chumba cha ziada aliletewa mtu, basi.

"Mimi ni Jenerali von Trossen," alisema mgeni.

"Mimi ni Rosine. Vua buti, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Kabla ya wiki kwisha Rosine alikuwa ameijua historia yote ya vita vyake, maana jenerali aliisimulia jikoni kila alipongoja maji yachemke. Ufaransa aliteka mji ambao meya wake alikuwa akimsubiri tangu asubuhi, funguo mkononi. Urusi alipoteza nusu ya divisheni yake kwenye tope, akapewa nishani. Akarudi nyuma kilomita mia tatu, akapandishwa cheo. Akarudi nyuma mia tano nyingine, akapewa divisheni tatu badala ya moja. Rosine hakusoma sana, lakini hesabu ya shule ya kijiji ilimtosha kuona kwamba kama vita vingeendelea mwaka mmoja zaidi, mtu huyu angerudi nyuma mpaka awe mfalme.

Vita vilipokwisha Wamarekani walimweka kambini, wakampa karatasi na sigara, wakamwomba aeleze jinsi alivyopigana. Akajaza kurasa mia nne kueleza kwamba makosa yote yalifanywa na watu wengine. Sasa alikuwa akiandika kitabu cha maisha yake mwenyewe, na kwa kuwa watu wengine walikuwa wengi, kitabu kilikuwa kirefu.

Rosine alikuwa na miaka hamsini na mbili, hakuolewa, na alifua nguo za watu. Nyumba ilikuwa ya kaka yake Gottlob, mwokaji mikate, na tanuri lake chini lilikuwa baridi tangu tarehe kumi na tisa Aprili mwaka 1945. Siku ile Wamarekani walikuwa mlima wa pili. Gottlob, mnene, mwenye pumu, mtu asiyepanda hata kitandani bila kulalamika, alipanda ngazi mia moja na kumi na nane za mnara wa kanisa akiwa na shuka nyeupe begani, akaining'iniza nje ili mji usipigwe mabomu. Haikupita saa mbili askari wetu wenyewe, Wajerumani, wakaja kumchukua dukani, unga ungali mikononi. Walimpiga risasi nyuma ya banda la gari la zimamoto. Kwenye mlango wa kanisa wakabandika karatasi: Gottlob Knapp, msaliti, ameuawa. Chini yake hapakuwa na jina, ila neno "Kamanda" na alama moja ya penseli ya kijani, kama ndoano ya kuvulia samaki. Wiki ile makamanda watano walipita Hüllingen wakikimbia, kila mmoja akisema yeye hakimbii.

Usiku ule Rosine aliibandua karatasi, akaificha ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu.

Kilichomuuma zaidi kilikuja baadaye. Mji ulipoweka ukuta wa mawe penye kanisa, wenye majina ya watu wake sitini na tatu waliokufa vitani, jina la Gottlob halikuwamo. Mchungaji Eisele hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na uoga wake aliuita utaratibu.

"Dada Rosine, kaka yako alihukumiwa," alisema. "Karatasi ilisema msaliti. Baraza la mji linauliza: kama ilikuwa hukumu ya mahakama, sisi ni nani tuifute? Nionyeshe kwamba hapakuwa na mahakama, nami kesho yake nitamwita mchonga mawe."

"Nitakuonyeshaje kitu ambacho hakikuwapo?"

"Hilo ndilo tatizo," akasema mchungaji, akatazama saa.

Kwa hiyo Gottlob alilala pembeni, chini ya ukuta wa makaburi ambako zamani walizikwa waliojinyonga, na kila Jumapili Rosine alipita mbele ya majina sitini na tatu, likiwamo la mpumbavu Ludwig Rapp, aliyekufa kwa kuangukiwa na pipa la bia akiwa likizoni. Jina moja, herufi kumi na mbili kwenye jiwe. Hakutaka kingine duniani.

Sasa, kwa watu wa Schwaben, huku kwetu kusini mwa Ujerumani, Mungu aliumba dunia kwa siku sita, na ya saba ilipofika akauliza zamu ya kufagia ngazi ni ya nani. Kila nyumba ina kibao kidogo cha mbao. Kibao kikining'inia mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, na ujia, na kibaraza cha mbele, hata kama hapajaanguka unyoya. Nyumbani kwa Rosine kibao kilizunguka milango mitatu: wake, wa Bwana Strohm wa chini, karani mstaafu wa reli, na sasa wa jenerali.

Mara ya kwanza jenerali alikirudisha kibao jikoni kwa ncha mbili za vidole.

"Bibi Knapp, kitu hiki kimefika kwangu kwa makosa."

"Hakikukosea njia. Fagio liko nyuma ya mlango."

"Mimi nimeongoza watu elfu arobaini!"

"Na sasa waongoze vumbi. Kona usizisahau, Bwana Strohm huwa anapitisha kidole."

Siku mbili jenerali hakutoka chumbani. Siku ya tatu, alipokwisha kutambua kwamba hakuna mtu wa yeye kumwamuru, akajiamuru mwenyewe. Alichora ramani ya ngazi, akaigawa katika maeneo manne, akashambulia kutoka juu, na, lazima tuseme ukweli, ndivyo ngazi zinavyofagiwa. Kisha akapiga mistari kwenye karatasi, akaibandika ukutani: tarehe, eneo, kazi iliyofanywa, saini. Bwana Strohm alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Tangu astaafu hakuwa ameona karatasi yenye mistari iliyonyooka vile.

Rosine akaenda kuisoma. Kwenye nafasi ya saini palikuwa na ndoano ya kijani.

Akasimama pale, ndoo mkononi, mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu akaingia chumbani, akafungua kitabu cha Ayubu. Ndoano ilikuwa ileile, na mkia wake uleule uliopinda kushoto. Mtu aliyemuua Gottlob alikuwa juu ya kichwa chake, akikohoa, akila dengu na tambi alizompikia yeye mwenyewe.

Rosine hakupiga kelele. Wenye kupiga kelele hujibiwa na mawakili. Jioni alipompelekea jenerali shuka safi, aliuliza kama anayeuliza habari za mvua.

"Jenerali, Aprili ile ya mwisho, hukupita huku kwetu?"

"Nilipita. Lakini nilikuwa na homa kali," akajibu jenerali bila kuinua macho. "Kazi zote nilimwachia mnadhimu wangu mkuu, Kanali Krahmer. Kila kitu kilichofanyika huku ni Krahmer."

"Na barua, na amri?"

"Krahmer, Krahmer. Mtu mkali sana yule."

Rosine akashuka mpaka kwa Bwana Strohm. Mzee alikuwa akinoa penseli zake saba, ambazo hakuwa na kazi nazo.

"Bwana Strohm, mtu akiandika kwa kijani maana yake nini?"

Mzee akaweka kisu chini. "Mama, rangi ofisini si mapambo. Kijani ni ya mkubwa peke yake. Naibu wake ana rangi yake, wa chini yake ana yake, na sisi makarani tunaandika kwa ile ya kawaida. Wote wanasoma karatasi moja, na kwa rangi unajua nani kasema nini."

"Na mkubwa akiugua? Naibu hawezi kuazima?"

"Kuazima!" Bwana Strohm akajishika kifua. "Stesheni kuu alikuwapo naibu mmoja, alishika kijani cha mkurugenzi kwa bahati mbaya, alikuwa anaandika namba ya simu tu. Mkurugenzi alimtupia kidau cha wino. Walikuwa mashemeji, wale! Hawakusalimiana tena mpaka mmoja akafa. Mama, mkubwa atakuazima hata mkewe, lakini kijani..."

Rosine akamshukuru, akapanda ngazi polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akajikuta anaimba.

Vuli ile jenerali aliitwa mbele ya baraza la uchunguzi. Wamarekani walikuwa wameamuru Wajerumani wachunguzane wenyewe nani alifanya nini enzi za chama kilichoanzisha vita, na kila mtu mzima alitakiwa kusafishwa. Kilichosafisha ni barua za majirani na wakubwa kwamba fulani ni mtu mwema. Watu waliziita barua za sabuni. Jenerali alikuwa nazo kumi na moja. Moja ilitoka kwa askofu ambaye hakuwahi kumwona, ila aliwahi kula bata na shangazi yake. Kilichokosekana, alisema wakili wake, ni mtu wa kawaida, mtu wa Hüllingen hasa.

"Bibi Knapp," alisema jenerali, amesimama mlangoni pa jikoni, ameyapaka buti mafuta, "nina ombi."

"Barua ya sabuni?"

"Ushuhuda kuhusu tabia yangu nyumbani."

"Mimi kuandika si fundi," akasema Rosine, akikanda unga. "Lakini nitakuja niseme kwa mdomo wangu. Watu wote wasikie."

Jenerali akaguswa hata akainamisha kichwa. Nguruwe humshukuru sana anayemletea maganda.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli, chini ya mapambo ya karatasi yaliyobaki baada ya harusi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Wurster, fundi wa matandiko ya farasi, mtu mpole mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano. Mji mzima ulikuja, maana kuni zilikuwa haba na ukumbi ulikuwa na jiko. Mchungaji Eisele alikaa safu ya mbele. Barua kumi na moja zilisomwa. Watu wawili wakalala. Halafu akaitwa Rosine, amevaa gauni lake jeusi la kanisani, Biblia kwapani.

"Bibi Knapp, una neno gani juu ya mpangaji wako?"

"Sina neno baya, Bwana Wurster. Anafagia. Anaanzia juu, anashuka. Kona anazifikia."

Ukumbi ukanong'ona kwa heshima. Hüllingen sifa hiyo ilipewa watu wachache, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

"Na ningependa kuondoa fitina moja," akaendelea Rosine. "Watu wasije wakamsingizia habari za kaka yangu Gottlob." Akafungua Biblia, akaitandika karatasi mezani. "Hii ndiyo iliyobandikwa. Ina alama ya kijani, mnaiona. Lakini jenerali amekwisha kunieleza. Alikuwa na homa. Aliyefanya kila kitu ni Kanali Krahmer."

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa," wakili akadakia, macho yaking'aa. Hakuwa ametegemea zawadi kama ile.

"Ndiyo. Kanali ndiye aliyekuwa akiandika kwa kijani. Anachukua penseli kwenye meza ya jenerali, anaandika anavyotaka, anairudisha. Siku nyingine hairudishi, anaiweka sikioni."

Masikio ya jenerali yakaanza kuwa mekundu. "Nani amekwambia hayo?"

"Si wewe mwenyewe, baba? Ulisema barua na amri zote ni Krahmer."

"Nilisema... Kazi! Kazi nilimwachia."

"Mheshimiwa, kaa chini," wakili akamnong'oneza.

"Na wala si aibu," akasema Rosine kwa sauti ya huruma ambayo ingemtuliza mtoto. "Penseli ni penseli tu. Kanali akichoka, labda karani wake naye aliandika kidogo. Nasikia vita vilipofika mwisho makao makuu hayakuwa na mwenyewe. Labda hata mpishi."

Nyuma kabisa, Bwana Strohm alifumba macho kama mtu anayeona gari moshi linakaribia gari moshi.

"Mpishi?" alisema jenerali.

"Au dereva."

Jenerali von Trossen akasimama. Kiti kikaanguka. Wakili akamshika koti, akabaki na kifungo mkononi.

"Kwenye makao yangu makuu," akanguruma, kwa sauti iliyowahi kusikika juu ya mizinga, "hakuna kiumbe aliyegusa kijani ila mimi! Siku sita mfululizo nilikuwa na homa ya nyuzi thelathini na tisa, na hakuna karatasi, narudia, hakuna karatasi hata moja iliyotoka kwa kijani bila mkono wangu! Krahmer! Krahmer alikuwa na nyekundu! Angethubutu kuishika yangu, ningempiga risasi yeye!"

Kuni zikalia ndani ya jiko. Wakili akajifunika uso kwa kofia. Ulimi ulikuwa umekwisha kukiponza kichwa, nacho kichwa kilikuwa hakijapata habari.

Bwana Wurster akaisogeza karatasi mbele kwa kidole kimoja. "Kwa hiyo alama hii ni yako?"

"Bila shaka ni yangu! Tazama mkia wake. Nani mwingine anaweza mkia kama huo?"

"Na mahakama iliyomhukumu Knapp ilikuwa na majaji gani?"

"Mahakama gani? Adui alikuwa mlima wa pili. Hapakuwa na nafasi ya mahakama. Niliambiwa kuna shuka mnarani, nikaandika, nikaendelea na..."

Hapo akatazama huku na huku, kama mtu aliyeshuka stesheni ambayo siyo yake.

Rosine hakumtazama tena. Alimgeukia Mchungaji Eisele.

"Umesikia, mchungaji? Hapakuwa na mahakama. Karani, umeandika hilo? Naomba nakala."

Ungefikiri jenerali alifungwa. Hakufungwa. Baraza lilimweka kwenye kundi la wafuasi tu, watu waliokwenda na upepo, akalipa faini ndogo, akapewa cheti. Barua ya askofu ilikuwa na uzito kuliko mwokaji mikate. Rosine alilia kwa hasira siku mbili, akavunja sahani tatu, na ya nne akairudisha kabatini kwa sababu ilikuwa ya mama yake. Vyumba vingine mjini havikuwapo, kwa hiyo muuaji aliendelea kuishi juu ya kichwa chake, na kila wiki ya tatu kibao kikaenda mlangoni kwake. Ile karatasi ya saini Rosine aliing'oa ukutani. Sasa alikagua kwa kidole chake mwenyewe, na mara nyingi jenerali alirudia.

Lakini nakala ilikuja, yenye mhuri, na mchungaji alikosa pa kukimbilia. Mchonga mawe akachonga jina la sitini na nne. Herufi za wengine wote zilikuwa nyeusi. Ilipofika zamu ya kupaka, Rosine alikuja na kopo lililobaki alipopaka madirisha.

"Kijani?" akauliza mchungaji. "Dada Rosine, rangi hiyo haijaidhinishwa."

"Iko kanuni inayoikataza?"

Mchungaji akafikiri sana. Haikuwapo.

Miaka ikapita. Mwaka 1956 nchi ilipata jeshi jipya, na jeshi jipya lilihitaji watu wanaojua vita, hata kama walichojua zaidi ni kushindwa. Gari jeusi likaja kumchukua jenerali. Ilikuwa wiki yake. Akaondoka na kibao kikining'inia mlangoni, ngazi hazikufagiwa. Novemba iliyofuata alirudi na sare mpya, bendi ya tarumbeta na shada la maua kwa ajili ya marehemu wa Hüllingen. Akainama mbele ya ukuta wa majina, akanyoosha utepe wa shada, akainua macho. Watu wa mbele walimwona akisoma mstari wa mwisho mara mbili. Tarumbeta zilikwisha, yeye bado amesimama.

Baada ya wiki mbili barua ilifika kwa mchungaji, naye akaja nayo mbio hadi jikoni kwa Rosine, ambako Bwana Strohm alikuwa akila supu. Jenerali aliandika kwamba jina moja kwenye ukuta limepakwa rangi isiyo ya cheo chake, kwamba utaratibu wa mahali pa heshima umevunjwa, na kwamba anataka lipakwe jeusi kama mengine.

Rosine hakusoma maneno. Aliangalia chini, penye saini.

"Bwana Strohm, hebu tazama. Rangi gani hii?"

Mzee akavaa miwani. Ndoano ilikuwapo, mkia wake ulikuwapo, lakini ilikuwa ya rangi ya kahawia.

"Ya mtu wa tatu au wa nne," akasema Bwana Strohm taratibu. "Ana mkubwa juu yake. Ngoja, nilisoma gazetini ni nani ana kijani kwenye ofisi ile mpya ya jeshi." Akaacha kijiko. "Krahmer."

Rosine alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mchungaji alingoja, akakohoa, akageuza kofia mikononi.

"Sasa nimjibu nini? Ni mtu mkubwa."

Rosine akajifuta macho kwa aproni. Alipoinuka hakuwa akicheka tena.

"Mwandikie kwamba Hüllingen mwenye kijani ni Gottlob. Na umwambie ngazi zake bado zinamngoja."

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda ukutani na kopo na brashi nyembamba. Mvua za vuli zilikuwa zimefifisha herufi kidogo. Akapiga goti kwenye changarawe, gauni jeusi na yote, akapaka upya kuanzia herufi ya kwanza, wala hakuvuka ukingo hata mara moja.